Nyegere si huyo mnayemsimulia: uzi wa wafuga nyuki, wafuga kuku na wote waliokwisha kutembelewa

Mrina wa Mkata (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye ule uzi wa wanyama hatari nyegere amemwagiwa sifa mpaka nikajiuliza kama ni huyu huyu anayekuja kwenye manzuki yangu, yaani pale ninapoweka mizinga. Mmoja kasema anaua simba. Mwingine kasema risasi inadunda. Wa tatu, bila haya, kashauri ukikutana naye uzibe kwanza sehemu za siri ndipo ukimbie. Mimi nafuga nyuki huku Mkata, Handeni, na mizinga ya magogo ya babu nimeikuta. Nyegere nimemjua kwa hasara, sikumjua kwa klipu za WhatsApp. Ngoja nimweleze kama alivyo, wenye ya kuongeza waongeze.

Kwanza si mkubwa. Dume akishiba sana anafika kilo 16, jike mara nyingi havuki 10, na kimo chake begani hakifiki sentimita 30. Mgongo kuanzia utosini hadi mkiani ni mweupe wa kijivu, tumbo na miguu nyeusi tii. Rangi hiyo ni tangazo: anayejiweza hajifichi. Kuna hata wanasayansi wanaodhani watoto wa duma wanaota zile nywele ndefu nyeupe mgongoni ili kwa mbali waonekane nyegere na adui aghairi. Ukoo wake ni ule wa kicheche na fisi maji, ila katika jenasi yake amebaki peke yake duniani, Mellivora capensis. Anapatikana Afrika karibu yote kusini mwa Sahara, Arabuni, hadi India.

Ngozi yake shingoni ina unene wa kama milimita 6 na imelegea kama kanzu ya kuazima. Mbwa akimkamata kisogoni anadhani kamaliza kazi, kumbe mwenzake anageuka humo humo ndani ya ngozi na kumng'ata usoni. Mbwa wengi wazuri wameharibikiwa hivyo. Kucha za mbele zinakaribia sentimita 4, na ukitaka kumwelewa nyegere tazama hizo kucha, achana na meno. Huyu ni mchimbaji. Usiku kucha anatembea, ananusa, anachimba, anaondoka, anachimba pengine.

Sasa suala la asali. Watu wanadhani anafuata utamu. Anachokitaka kwanza kwenye mzinga ni majana, yaani watoto wa nyuki walio ndani ya masega. Asali anailamba, hakatai, lakini yale majana ndiyo nyama yake. Na hapo ndipo hasara yetu ilipo. Asali ikiliwa, nyuki wazima watatengeneza nyingine msimu wa maua. Majana yakiliwa na masega yakavurugwa, kundi linahama, unabaki na gogo tupu na siafu.

Halafu nyuki wanamuuma kama wanavyotuuma sisi. Ngozi inapunguza tu. Wamewahi kukutwa nyegere waliokufa kwa kuumwa na nyuki, kwa hiyo habari ya kwamba hasikii kitu ifutwe.

Raskazone Kwetu

Mkuu umeanza kumvunjia heshima jamaa. Kwa hiyo simba hamuui?

Mrina wa Mkata

Simba anamuua nyegere, na chui pia. Imeshuhudiwa na kuandikwa. Ila mara nyingi simba anaona kilo kumi za nyama yenye kelele, kucha na harufu mbaya, anaona haina faida, anaondoka. Anayerekodi klipu anakata hapo simba anapoondoka, sisi tunasema kashinda.

Bi Mkubwa wa Mwera

Wanangu, mie si mtu wa nyuki. Mie nafuga kuku huku Pangani. Kaja usiku kachimba chini ya banda, kapita, kaua kuku karibu wote, kala wachache. Mbwa wa jirani kabweka weee, hakusogea. Asubuhi tundu tunalitazama hatuamini. Huyo ndiye au ni mwingine?

Mrina wa Mkata

Shikamoo mama. Kama tundu limepita chini ya ukuta na udongo umerushwa nyuma kwa wingi, ni yeye. Kicheche angepenya kwenye upenyo uliopo, na paka pori angepanda juu. Nyegere mlango anajitengenezea. Pole sana, nakuja kukuandikia namna ya kulifunga hilo banda.

Daktari wa Ng'ombe Korogwe

Niongeze upande wa nyoka, maana hapo nyegere hakusingiziwa.

Anakula nyoka wa kila aina, wenye sumu na wasio nayo. Sumu ya swila inafanya kazi kwa kwenda kuziba vipokezi vya kwenye misuli, vile vinavyopokea amri kutoka kwenye neva. Vikizibwa misuli inalegea, na ya kupumulia nayo inalegea, mnyama anakufa. Kwa nyegere vipokezi hivyo vimebadilika umbo kidogo tu, sumu haishiki vizuri. Mwaka 2015 Danielle Drabeck na wenzake walichapisha utafiti wakionyesha kwamba badiliko la namna hiyo limo pia kwa nguruwe na kalunguyeye, na nguchiro ana lake la namna nyingine. Hawakurithi kwa babu mmoja. Kila ukoo ulilipata kivyake kwa kuishi na nyoka miaka na miaka.

Kifutu ni habari nyingine, sumu yake inaharibu nyama na damu, haipiti njia ile. Hata hivyo kule jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, watafiti mume na mke Keith na Colleen Begg walimshuhudia nyegere kaumwa na kifutu akiwa anamla. Akazimia pale pale. Baada ya saa kama mbili akaamka, akayumba kidogo, akaendelea na mlo alipoachia.

Nawaomba tu, msije mkatoa hapa hitimisho la kwamba damu au mafuta ya nyegere ni dawa ya nyoka. Kinga iko kwenye umbo la vipokezi vyake, haichemshwi wala haipakwi. Ukigongwa na nyoka nenda hospitali.

Mzee wa Kazi Chuda

Wakuu samahani, nimeingia kwa haraka. Kuna mtu ana ngozi ya nyegere au kipande cha mkono? Nasikia inaongeza nguvu na biashara inakaa sawa. Bei tutaelewana kwa ujumbe wa faragha (PM).

Daktari wa Ng'ombe Korogwe

Sijamaliza hata kuandika!

Kitabu Wazi

Mzee wa Kazi, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haijakusahau. Kumiliki nyara, yaani ngozi au kiungo cha mnyamapori, bila kibali ni kesi, na hiyo PM yako ndiyo itakuwa kielelezo. Biashara ikae sawa kwa kufungua duka mapema.

Mzigua Halisi

Mimi nina neno. Babu zetu walisema mlembe anamwongoza nyegere kwenye nyuki kama anavyotuongoza sisi. Ndege anaita, nyegere anafuata chini, anapasua mzinga, ndege anakula nta na mabaki. Mwaka jana kijana mmoja wa chuo akaniambia hiyo ni hadithi ya kizungu, haijathibitishwa. Nikamwambia babu yangu hakusoma kizungu.

Kitabu Wazi

Mzee wangu, hapo wote wawili mna kitu mkononi.

Kwamba mlembe anaongoza binadamu, halina ubishi. Wayao wa Niassa kule Msumbiji wana mlio wao wa kumwita, "brrr-hm". Mwaka 2016 ilichapishwa kazi ya Claire Spottiswoode na wenzake waliopima jambo hilo porini: ukitembea ukitoa mlio huo, nafasi ya ndege kukuongoza inapanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Sauti nyingine walizojaribu hazikuleta matokeo hayo.

Kwa nyegere ndipo palipokuwa na wasiwasi. Hadithi imeandikwa vitabuni miaka mingi lakini kila ukimtafuta aliyeona kwa macho yake humpati. Wenye shaka walikuwa na hoja nzuri: mlembe anaita mchana, nyegere anatembea sana usiku. Nyegere haoni mbali. Na mizinga mingine iko juu ya miti, mlembe angempeleka huko afanye nini?

Sasa mwaka 2023 kundi la watafiti, wakiwemo Jessica van der Wal na Dominic Cram, wakachapisha matokeo ya kuwauliza wenyewe. Walihoji warina asali karibu 400 katika jamii 11 za nchi 9 za Afrika. Zaidi ya asilimia 80 walisema hawajawahi kuona ndege na nyegere wakishirikiana. Lakini kuna jamii tatu ambazo wengi walisema wameona, na zote tatu ziko Tanzania. Kwa Wahadzabe peke yao ilikuwa asilimia 61.

Mzigua Halisi

Unaona! Na hao Wahadzabe hawana sababu ya kudanganya.

Kitabu Wazi

Maelezo ya watafiti yenyewe yana mantiki. Mhadzabe anawinda kwa upinde, anatembea kimya, kwa hiyo anaweza kuwakuta ndege na nyegere kabla hawajamsikia. Sisi tunaokwenda kurina na redio mfukoni tutaona nini? Inawezekana pia tabia hiyo ipo sehemu fulani na sehemu nyingine haipo, kama ilivyo kwa binadamu: wako wanaojua kumwita ndege na wako waliosahau. Lakini ushuhuda wa watu bado si picha. Hivyo yule kijana wa chuo naye usimtukane.

Mzigua Halisi

Simtukani. Nitamwambia aache redio.

Tanga Line Leicester

Salamu kutoka ubaridini. Huku Uingereza kuna ndugu yake wa mbali, Meles meles, wenyewe wanamwita badger, na nawaambia tabia zao ni mbingu na ardhi. Wa huku uso mweupe una michirizi miwili mieusi, na anaishi kwa ukoo. Wanachimba mahandaki yenye vyumba na milango mingi, mengine yamekaliwa vizazi kwa vizazi. Wana usafi ambao baadhi ya wapangaji wenzangu hawana: choo wanachimba kando na makazi, na matandiko ya majani makavu wanayatoa nje kupata hewa. Chakula chao kikubwa ni minyoo ya ardhini, usiku mmoja anameza mamia.

Kisheria wanalindwa, kwa sheria ya mwaka 1992, hata handaki lao huruhusiwi kulivuruga. Wakati huo huo kuanzia 2013 serikali ilitoa vibali vya kuwaua kwa maelfu katika maeneo fulani kwa sababu wanabeba kifua kikuu cha ng'ombe. Wakulima na wapenda wanyama wanagombana kuhusu hili kuliko Simba na Yanga.

Huyo wa kwetu wa kujitegemea, anayelala leo hapa kesho pale, ndiye ananishangaza zaidi. Ni kweli hana ukoo?

Mrina wa Mkata

Kweli kabisa. Dume na jike hukutana kwa kupandana tu, dume halei. Jike anazaa mtoto mmoja, mara chache wawili, na anakaa naye mwaka mzima au zaidi, kati ya miezi 12 na 16 kwa hesabu za Kalahari, kwa sababu kuna mengi ya kufundishwa: nge unaanzia wapi, nyoka unamshika vipi, shimo lipi lina mtu na lipi ni tupu. Mtoto anafikia ukubwa wa mama yake bado anafuata nyuma. Kwa hiyo ukiona wawili wanatembea pamoja usiseme ni mume na mke. Na ndiyo maana ukiua jike mmoja huondoi mnyama mmoja tu. Kujaza nafasi yake ni kazi ya miaka.

Eneo lake nalo ni kubwa kuliko mnavyodhani. Hao akina Begg waliwafuatilia nyegere wa Kalahari wakakuta dume mzima anazunguka kama kilomita za mraba 541, jike 126. Dume mmoja, eneo linalokaribia Jiji la Tanga zima! Kule ni jangwa, chakula kimetawanyika. Huku kwetu kwenye vichaka vya Handeni na Saadani sitegemei atembee hivyo. Ila anayedhani nyegere aliyevunja mzinga wake analala nyuma ya shamba lake anajidanganya.

Kingine kutoka huko huko: panya, mijusi na nyoka ndio waliojaza tumbo la nyegere, mazao ya nyuki yalikuwa kidogo. Na huwa hali peke yake. Anapochimba, mwewe wa aina fulani na bweha wanamfuata nyuma wasubiri panya anayetorokea tundu la pili. Yeye anatoa jasho, wao wanadaka.

Raskazone Kwetu

Hapo kwa bweha nimemwonea huruma. Tunafanana kikazi.

Lakini mkuu bado hujajibu la sehemu za siri. Watu wazima wanasubiri.

Mrina wa Mkata

Haya. Habari hiyo inasimuliwa Afrika nzima, na ilipata nguvu kwa maandishi ya Stevenson-Hamilton, yule msimamizi wa kwanza wa hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, miaka ya 1940, kwamba nyegere humshambulia nyati hapo. Tangu siku hizo simu zimekuja, kamera za porini zimekuja, na hakuna aliyeleta ushahidi. Nyegere aliyebanwa na mnyama mrefu anauma anapopafikia, na kwa kimo chake anachokifikia ni miguu na tumbo. Mimi naona hadithi imejengwa hapo.

Uvumi kuhusu huyu mnyama hauna mpaka. Mwaka 2007 huko Basra, Iraq, watu walisema jeshi la Uingereza limeachia nyegere wala watu mjini. Msemaji wa jeshi ikabidi atoke hadharani akanushe. Wataalamu wa mifugo wa pale walisema hao ni wanyama wa eneo lile siku zote.

Kilindi Nta

Tuje kwenye kazi sasa, maana hadithi hazilindi mzinga.

Huku tulikuwa tukimtega na kumwekea sumu. Sumu ikaua mbwa wetu na tumbusi, nyegere mwingine akaja. Siku hizi tunafanya hivi:

Mzinga hautulii kwenye panda ya mti, unaning'inia. Tundika kwa waya mgumu wa mabati, si kwa kamba ya katani, maana kamba anaikata. Uning'inie mbali na shina, asiweze kusimama kwenye tawi huku anauvuta. Nyegere anapanda miti vizuri, msidanganyike na tumbo lake, ila akiwa hewani hana pa kukanyaga na kucha hazina kazi.

Shina lizungushie bati laini, upana wa kutosha asilivuke kwa hatua moja. Matawi ya mti wa jirani yaliyogusana na mti wako yakate, la sivyo bati umeweka pambo.

Wenye mizinga ya masanduku wasiiweke chini wala juu ya matofali mawili. Kule Afrika Kusini wafugaji waliamua kuinua mizinga angalau mita moja kwenye vichanja imara na kuifunga isipinduke, na asali yao ikapata lebo dukani ya kwamba haikuua nyegere. Kichanja cha miguu ya chuma laini ni bora kuliko cha miti, miti anaikwea. Mfuniko ufunge kwa waya. Bila kufunga, akiusukuma tu ukaanguka, kazi imekwisha.

Halafu usafi. Masega mabovu na majana mnayotupa chini ya mti siku ya kurina ndiyo mwaliko wenyewe. Zika mbali au ondoka nayo.

Mgeni wa Nyuki

Ndugu Kilindi Nta, mimi ndiyo kwanza naanza, nina mizinga ya masanduku kwenye shamba la mikorosho Muheza. Si bora kuzungushia uzio wa wavu shamba zima?

Kilindi Nta

Utapoteza hela. Uzio ambao haukuzikwa atapita chini, na uliozikwa vizuri unagharimu kuliko asali yako ya mwanzo. Linda mzinga, usilinde shamba.

Kitabu Wazi

Kuhusu uzio wakuu tafuteni habari za Stoffel, nyegere aliyekuwa akitunzwa kwenye kituo cha wanyama cha Moholoholo, Afrika Kusini. Walimjengea ukuta, akapanda mti akatokea. Wakakata mti, akakusanya mawe akayapanga akapanda. Wakaondoa mawe, akafinyanga mabonge ya udongo akayarundika. Reki iliyosahauliwa ikawa ngazi. Lango la komeo alilifungua akisaidiana na jike waliyemletea atulie. Kuna siku alitoka akaenda kuwachokoza simba wa hapo hapo kituoni, akarudi na majeraha ya kutosha. BBC walimrekodi. Sasa mtu anaulizia wavu wa kuku!

Mgeni wa Nyuki

Nimeelewa. Nanunua vyuma.

Mrina wa Mkata

Mama wa Mwera, ahadi yangu hii hapa. Wavu laini wa kuku usiutegemee, anaupasua. Tumia wavu mzito wa kuchomelea. Chimba mtaro kuzunguka banda, kina cha nusu mita kama udongo unaruhusu, wavu ushuke humo na chini uukunje kuelekea nje, upana wa futi moja hivi, kisha fukia na mawe. Yeye huanza kuchimba pale pale ukutani, akikuta wavu chini ya miguu yake mwenyewe mara nyingi harudi nyuma aanzie mbali. Mlango uwe wa bati, na komeo lifungwe kwa kufuli, hata kadogo. Ukiweza sakafu ya zege, hayo ya mtaro sahau.

Na akija tena, mtu asitoke na fimbo kumzuia mlangoni. Mwacheni njia ya kutokea, ataondoka. Akionekana mchana anakwenda kwenye watu bila woga au anayumba, msimkaribie, pigeni simu kwa maafisa wanyamapori, maana kichaa cha mbwa hakichagui mnyama.

Bi Mkubwa wa Mwera

Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie. Zege naliweza, kijana wangu ni fundi. Hiyo asali yako ya Mkata chupa ya lita unatoa shilingi ngapi, na magari ya Pangani unayapakia au mpaka niifuate?